Dakika Kumi na Nne, na Moja ya Salamu

Kitu cha kwanza alichokiona Jorunn kilikuwa glavu.

Sura ya mtu alikuwa hajaiona bado. Alisimama mlangoni mwa jengo la uwanja wa ndege wa Skarvnes, shingo imezama ndani ya koti lake la kazi la njano, akihesabu abiria wanaoshuka kwenye ile ndege ndogo ya mapangaboi mawili. Ngazi zilikuwa na barafu, na kila aliyeshuka alishika kamba ya pembeni. Mkono mmoja ukaja kwenye kamba ukiwa umevaa glavu ya sufu, nyeusi kwa nyeupe, yenye nyota kubwa mgongoni.

Glavu za nyota ziko katika kila nyumba ya mkoa wa Finnmark. Lakini nyota ya glavu hii ilikuwa na miale saba. Nyota ya kawaida ina minane.

Jorunn aliijua. Aliifuma mwenyewe, akiwa amekaa nyuma ya kaunta, kati ya ndege ya asubuhi na ndege ya mchana. Mwale wa nane aliuruka kwa sababu simu ililia, na aliyepiga simu ndiye mtu ambaye glavu zilikuwa zake. Angeweza kuifumua na kuanza upya. Hakufumua. Aliona ni siri yao wawili, ingawa hakuwahi kumweleza huyo mwenzake kwamba ni siri.

Akainua macho haraka aione sura. Haikuwa ya Torgeir. Alikuwa mwanamke mrefu, mashavu mekundu kwa baridi, mimba yake imelisukuma koti mpaka vifungo viwili vya chini havifungi. Nyuma yake, amemshika kiwiko asiteleze, ndipo alipokuwa Torgeir.

Kwa kawaida asingewaona kabisa. Abiria wanaopita Skarvnes hukaa ndani ya ndege. Ndege hutua, hushusha wachache, hupakia wachache, dakika kumi imeondoka. Lakini siku hiyo ya Machi dhoruba ya theluji ilikuwa imeufunika uwanja unaofuata huko mbele, na Mzee Ragnvald, mtu wa mnara wa kuongozea ndege, alikuwa ametoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Binti, washushe wote! Mbele kumefunga. Nusu saa, labda na zaidi. Na uniwekee vaffel zangu mbili kabla hawajazimaliza!"

"Jorunn," Torgeir alisema alipofika mlangoni.

"Torgeir," Jorunn alijibu. "Karibuni ndani. Kuna kahawa."

Ni hayo tu, baada ya miaka karibu mitatu.

*

Walijuana kwa simu kabla ya kujuana kwa macho.

Viwanja vidogo kama vile havina watu wengi. Jorunn peke yake alipokea tiketi, akapima mizigo, akaipakia, kisha akavua glavu za kazi akachoma vaffel, mikate myembamba yenye umbo la mioyo, kwa ajili ya wanaosubiri. Torgeir alikuwa mtu wa mnarani kule Langbotn, kijiji cha upande wa pili wa ghuba mbili na mlima. Ndege ikiruka kwake, alipiga simu Skarvnes kuwaandaa.

"Abiria watano, mizigo saba, dakika kumi na nne."

"Nimepokea," Jorunn alikuwa akijibu. Neno hilo moja, kisha anakata. Alikuwa na haya hata ya kukohoa kwenye simu.

Aliigundua mapema pumzi ya yule mtu. Kabla ya kutaja dakika, alikuwa akivuta pumzi kidogo, kama anayetaka kusema jambo jingine kisha akaghairi. Siku moja ya Novemba hakughairi.

"Abiria watatu, mizigo minne. Dakika kumi na nne, na moja ya salamu."

Jorunn alikaa kimya mpaka akaona aibu ya kukaa kimya. "Salamu za nani?"

"Zangu."

"Nimepokea."

Torgeir alicheka mpaka simu ikakwaruza. Tangu siku hiyo safari ya Langbotn kuja Skarvnes ikawa ya dakika kumi na tano. Alipoanza kusema "nimekukumbuka," Jorunn alisema "nimepokea." Ilipofika Pasaka, wakiwa wameshaonana mara nne, akasema "nakupenda, Jorunn, unasikia?" na Jorunn, uso unawaka, mkono umeziba simu ili Mzee Ragnvald asisikie, akasema: "Nimepokea."

"Siku moja utasema na wewe," Torgeir alisema. "Nina subira. Mimi kazi yangu ni kungoja ndege."

Mama yake ndiye hakuwa na subira.

Borghild alimpokea Torgeir Jumapili moja kwa samaki wa kuchemsha na viazi, akamwekea kitambaa kizuri cha meza, akamsubiri amalize kula. Ndipo akauliza, "Unataka kumpeleka wapi mwanangu?"

"Langbotn tu, mama. Ni dakika kumi na nne."

"Mimi nina mabawa?"

"Kuna barabara pia."

"Barabara ni saa nne na nusu, mlima ukiwa wazi. Januari mlima ukifungwa, unapanga foleni nyuma ya gari la kusukuma theluji, likitaka linakuvusha, lisipotaka unarudi nyumbani na keki yako ya Krismasi kwenye kiti cha nyuma." Borghild alikusanya sahani bila kumtazama. "Wewe unanihesabia siku nzuri, kijana. Nihesabie siku ya upepo. Siku ya upepo Langbotn ni mbali kiasi gani?"

Torgeir alimsogezea sahani yake.

"Dada yake Jorunn aliniambia Stavanger ni asubuhi moja tu kwa ndege. Asubuhi moja! Nimemwona mara mbili katika miaka saba. Mjukuu wangu ananiita bibi wa kwenye simu." Sauti yake ilikatika, naye akaikasirikia. "Huyu nimebakiwa naye. Hamtanichukulia na huyu."

Jorunn alikaa katikati yao akitazama mifupa ya samaki. Angekuwa na ulimi siku ile, labda mengine yote yasingetokea.

Wiki tatu baadaye barua ikaja kwa ndege, ndani ya bahasha ya makaratasi ya mizigo. Mpaka leo aliijua kwa moyo. *Nimepata nyumba. Mlango wake ni wa njano. Jumamosi saa sita kamili, kwenye njia panda ya mlimani, penye kile kizuizi cha kufungia barabara. Mimi nitakuwa nimeshafika kabla yako. Usipokuja nitajua umemchagua mama, wala sitakulaumu, wala sitakusumbua tena.*

Jumamosi hiyo ya Juni Jorunn alichukua gari la mama yake na sanduku moja. Saa tano na nusu alikuwa mlimani. Saa sita ikafika. Hakukuwa na mtu. Kulungu walipita barabarani bila haraka. Saa saba ikafika, simu yake haina mtandao, na watalii wawili wazee wakasimamisha gari lao wakamuuliza, "Umepotea, binti?" wakitazama sanduku lake. Wakarudi tena baada ya dakika kumi, wakamuuliza tena. Aibu ikamshinda nguvu. Saa saba na robo akageuza gari.

Jioni simu ya nyumbani ililia. Yeye alikuwa juu chumbani, uso kwenye mto. Alimsikia mama yake akijibu maneno machache, akaweka simu chini.

"Nani?" aliuliza kutoka ngazini.

"Wamekosea namba," mama yake alisema.

Jumatatu simu ya Langbotn ililia kaunta kama kawaida. "Abiria wanne, mizigo mitano, dakika kumi na nne," ikasema sauti ya mtu mwingine, na tangu hapo Torgeir aliwaachia wenzake simu za Skarvnes. Mara mbili wiki hiyo Jorunn aliinua simu ampigie Torgeir. Mara mbili akairudisha. Mwanamume aliyebadili nia, unamwambia nini?

*

"Dada, hizi vaffel unazichoma mwenyewe?" mke wa Torgeir aliuliza. Alikuwa ameegemea kaunta, glavu ameziweka mbele yake, nyota ikimtazama Jorunn. "Ninanusa samaki na kahawa tangu asubuhi, lakini hii harufu imenifufua. Naitwa Ingvild. Nipe mbili. Huyu wa tumboni anakula zaidi yangu."

"Na jibini ya kahawia?"

"Jibini nyingi. Usimwonee huruma."

Ingvild alikuwa mtu wa mji wa Trondheim, mwalimu, na alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili. Ndani ya muda mfupi Jorunn alijua kwamba walifunga ndoa Juni iliyopita, kwamba mtoto ni wa Mei, kwamba nyumba ya Langbotn imeshauzwa na Torgeir amepata kazi Bodø, mji wa mbali kusini. Hawarudi tena. Hii ndiyo safari yao ya mwisho kupita huku.

"Glavu nzuri," Jorunn alisikia sauti yake ikisema.

"Ee? Si zangu, za huyu bwana. Nilizikuta chini kabisa ya kabati tulipokuwa tunafunga mizigo. Nikamwambia, vitu vizuri hivi unaficha? Anasema alizinunua kwenye mnada wa kanisa." Ingvild aliigeuza moja. "Tazama, nyota imekosewa. Nadhani ndiyo maana hakuna mwingine aliyezitaka."

"Labda," Jorunn alisema.

Torgeir alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yao, kikombe mikononi, macho sakafuni. Alisikia. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mpenzi, saa ngapi? Nimeze dawa yangu ya damu," Ingvild akamgeukia.

Torgeir akatazama mkono wake. "Saa sita na dakika ishirini."

Saa ya ukutani, juu ya kichwa cha Jorunn, ilisema saa saba na dakika ishirini.

Ingvild akaangua kicheko. "Umemsikia? Saa ya mnara hiyo! Dada, wewe unafanya kazi na hawa watu, unawajua." Jorunn aliwajua. Watu wa mnarani wana saa yao, saa moja ya marubani wote duniani, isiyojali kiangazi wala kipupwe. Majira ya baridi iko nyuma ya saa ya nyumbani kwa saa moja. Kiangazi, saa za nyumbani zinaposogezwa mbele, iko nyuma kwa saa mbili. Mnarani ipo ukutani na mezani na vitabuni. Kaunta haipo, maana abiria hawaihitaji. "Mimi nimeolewa na mtu ambaye hajui anaishi saa ngapi. Ngoja nikwambie alichonifanyia kwenye harusi."

"Ingvild, hadithi hiyo tena," Torgeir alisema.

"Hadithi hiyo tena, ndiyo! Kadi za mwaliko aliziandika yeye, zamu ya usiku, chini ya ile saa yao. Kadi arobaini. Akaandika saa sita mchana. Harusi ni saa nane! Nimeziona kwa bahati tu, ziko tayari kwenda posta. Nikamwambia, bwana wee, bibi yangu mzee atafika kanisani saa sita, atakaa saa mbili peke yake, atadhani bwana harusi amekimbia, atarudi kwao!" Alicheka mpaka akashika tumbo. "Nimezisahihisha zote kwa mkono. Na yeye anaapa amekosea mara hiyo moja tu maishani."

Torgeir alikuwa ameshainuka kwa aibu, amekwenda dirishani kutazama theluji. Hakuona kitu. Hakumwona Jorunn aliyeshika mpini wa chuma cha vaffel kwa mikono yote miwili kama anayeogopa kuanguka.

Saa sita. Ya mnara. Kiangazi: saa nane ya nyumbani.

*Mimi nitakuwa nimeshafika kabla yako.*

"Dada," Ingvild alisema. "Dada, inaungua."

Moshi ulikuwa unatoka pande zote za chuma. Jorunn akakifungua, akaikwangua ile mioyo mitano iliyokuwa mkaa, akaitupa kwenye ndoo.

"Samahani," alisema. "Nakuchomea nyingine."

*

Ingvild alipokwisha kula alivua viatu, akalala ubavu kwenye benchi la mwisho karibu na kipasha joto, koti la mumewe juu yake. Baada ya muda pumzi yake ikatulia. Torgeir alikuja kaunta na vikombe vitupu.

"Hukubadilika," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimebadilika."

"Bado huongei."

Jorunn alichukua vikombe, akavisuuza muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

"Sikutaka kukuuliza," Torgeir akaendelea. "Niliapa nikikuona sitauliza. Lakini ndege ikiondoka hapa sitakuona tena, na nitakuwa mzee nikijiuliza. Kwa nini, Jorunn? Neno moja tu nilitaka. Hata 'sitaki' ingenitosha."

"Ulisema hutanisumbua."

"Na sikukusumbua. Nilikaa pale mlimani mpaka saa moja jioni, jua bado liko juu, nikajidanganya kwamba bado ni mchana na bado utakuja. Nilifika nusu saa kabla ya wakati, unajua? Nilisema nikuwahi. Nisikuone umesimama peke yako barabarani na haya zako."

Nusu saa kabla ya saa nane. Saa saba na nusu. Yeye aligeuza gari saa saba na robo. Jorunn alihesabu bila kutaka, jinsi alivyozoea kuhesabu mizigo. Robo saa. Dakika kumi na nne, na moja.

"Ulipokosa kutokea nikashuka mpaka palipo na mtandao, nikapiga simu kwenu," Torgeir alisema.

Jorunn alifunga bomba. "Ulipiga?"

"Mama yako alipokea. Nikamwambia, naomba kuongea na Jorunn, hata dakika moja. Nilikuwa nalia kama mtoto, sikuficha. Akaniambia, 'Yuko nyumbani.' Mara mbili. 'Yuko nyumbani, kijana. Umepata jibu lako.' Akakata." Alitabasamu tabasamu baya. "Basi. Nikalipata. Dakika kumi na nne, Jorunn. Watu wanavuka bahari kwa ajili ya wenzao. Wewe zilikushinda dakika kumi na nne."

Maneno yalikuwa yamejaa kinywani mwake. Nilikuja. Nilifika kabla yako. Ulikosea saa. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na haya. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imeuinua ulimi tayari. Ni neno moja tu, naye Torgeir angejua, angeishika kaunta kama yeye alivyokishika kile chuma. Aumie na yeye. Kwa nini aumie peke yake?

Kwenye benchi Ingvild alijigeuza usingizini. Mkono wake ulilitafuta tumbo, ukatua juu yake, ukabaki hapo.

Jorunn aliutazama ule mkono. Aliuona ukweli ukipanda ndege pamoja nao, ukihamia Bodø, ukikaa mezani na hao wawili kila siku, halafu watatu. Aliiona ile hadithi ya kadi za harusi, ambayo Ingvild hatacheka tena akiisimulia.

"Nilimchagua mama," alisema.

Torgeir aliinamisha kichwa. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo alioubeba kwa mkono mmoja kutoka mbali.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, lakini nilitaka kusikia kwako. Asante." Kisha, "Ulinipenda lakini? Hata kidogo? Hukuwahi kusema. Zote zile 'nimepokea, nimepokea.' Kuna siku nilidhani naongea na mashine ya simu."

"Torgeir, mke wako anaamka."

"Nijibu."

Redio ya mfukoni mwa Jorunn ikakwaruza. "Binti!" alisema Mzee Ragnvald. "Mbele kumefunguka, lakini si kwa muda mrefu. Warudishe ndegeni upesi, rubani anasema sasa hivi au kesho. Na vaffel zangu?"

"Nimepokea," Jorunn alisema.

Torgeir alimtazama akicheka kimoyomoyo, kicheko chenye uchungu. "Hata leo," alisema, akaenda kumvalisha mkewe viatu.

*

Aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi, kwa kuwa ni kazi yake. Upepo ulikuwa unasukuma theluji nyembamba juu ya lami kama unga. Ingvild alimkumbatia kwa mkono mmoja, kwa ghafla, kama walivyo watu wa namna yake.

"Asante, dada. Ukija Bodø utuulizie. Mikono yako ina baridi! Huna glavu?"

"Ninazo ndani."

"Chukua hizi." Alikuwa ameshazivua. "Chukua, mimi ninazo nyingine kwenye begi. Mpenzi, si nimpe? Wewe mwenyewe huzivai."

Torgeir alisimama ngazi ya pili. Upepo ulimfumba macho, au aliyafumba mwenyewe.

"Mpe," alisema. "Zitamfaa."

Zilikuwa bado na joto la mkono wa mwingine Jorunn alipozipokea. Mlango ukafungwa. Akaondoa vizuizi vya magurudumu, akarudi nyuma hatua zake kumi na mbili, akanyoosha mkono kumwonyesha rubani kwamba njia ni salama. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikainuka mapema kwa sababu ya upepo wa mbele, na wingu la chini likaimeza kabla hajashusha mkono.

Ndani ya jengo harufu ya kuungua ilikuwa bado ipo. Mzee Ragnvald alishuka ngazi za mnara, akachukua vaffel zake, akamtazama.

"Macho yako mekundu, binti."

"Moshi."

"Mimi nakwenda kulipasha moto gari la theluji. Wapigie wa mbele kwa niaba yangu." Alifika mlangoni akasita, kama anayetaka kuongeza neno, lakini yeye naye alikuwa mtu wa kaskazini, wa maneno machache. Akatoka.

Jorunn alipiga. Sauti changa asiyoijua ikaitikia.

"Skarvnes hapa," alisema. "Abiria tisa, mizigo kumi na mitatu, dakika ishirini na mbili. Imeruka saa nane na dakika tano."

"Saa nane na dakika tano," yule kijana alirudia, akiandika. Kisha akauliza, kama watu wa kazi ile wanavyopaswa kuuliza, kwa wepesi tu, bila kufikiri: "Ya mnara au ya nyumbani?"

Jorunn aliishika simu.

"Haloo? Skarvnes? Ya mnara au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani," alisema.

"Nimepokea."

Hakuwa ameiweka simu vizuri ilipolia tena. Ilikuwa ni mama yake. Kila siku, ndege ya mchana ikiondoka, Borghild huisikia ikipita juu ya paa lake, hupiga.

"Imeondoka? Niweke viazi?"

"Mama," Jorunn alisema. "Ile jioni simu ilipolia. Ulisema wamekosea namba."

"Jioni ipi?"

"Unaijua."

Maji yalikuwa yanachemka upande wa pili, aliyasikia. Borghild aliyaacha mpaka yakamwagika kwenye jiko yakalia.

"Alikuwa analia," mama yake alisema hatimaye. "Nami nilikuwa nalia. Hakuna aliyenisikia mimi. Nilidhani yatapita, Jorunn. Mambo ya vijana hupita. Wewe mwenyewe ulirudi, sikukufunga kamba. Hukusema kitu. Hujawahi kusema kitu! Ningejuaje?"

"Hukuuliza."

"Ningejuaje?" Borghild alirudia, na sasa sauti yake ilikuwa ya bibi kizee. "Yuko wapi sasa? Alikuwa kwenye ndege?"

"Yuko na mkewe. Wanahamia Bodø."

"Basi," mama yake alisema, taratibu, kama anayemfunika mtu blanketi. "Basi, yamekwisha mwanangu. Njoo nyumbani ule."

Jorunn alitazama glavu alizokuwa amezivaa bila kujua. Joto la mwingine lilikuwa limeshatoka. Lililobaki ni lake. Dirishani hakukuwa na kitu ila weupe, na juu ya weupe, mahali fulani, ndege ilikuwa imebakiza dakika kumi na saba.

"Nampenda, mama," alisema. Alisema kwa sauti kubwa, katika jengo tupu, na neno likamshangaza kwa jinsi lilivyokuwa jepesi kutamka. "Nampenda Torgeir."